Maswali yenu kuhusu usajili wa Dodgers, klabu ya besiboli ya Los Angeles, Marekani, 2024

Nyota Shohei Ohtani analipwa dola milioni 700. Klabu inapata wapi hela ya kusajili wengine?

Mkataba aliosaini Desemba 2023 ni wa miaka 10, lakini kila mwaka anapokea milioni 2 tu. Milioni 680 zilizobaki atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Ndiyo maana mwezi huohuo walimchukua pia mrushaji Yoshinobu Yamamoto kwa dola milioni 325, miaka 12.

Je, klabu huuziana wachezaji kama Simba na Yanga?

Mara nyingi hubadilishana. Tyler Glasnow alitoka Tampa Bay pamoja na Manuel Margot, na Rays (klabu hiyo ya Tampa Bay) wakapewa Ryan Pepiot na Jonny DeLuca.

Usajili gani ulilipa zaidi mwaka ule?

Wengi watasema Ohtani, na sishangai: mipira 54 aliipiga nje ya uwanja, na vituo 59 aliviiba, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe. Lakini mimi nasimama na Tommy Edman. Alipofika mwishoni mwa Julai katika mabadilishano ya klabu tatu, alikuwa majeruhi ambaye hajagusa mechi hata moja msimu huo. Alianza kucheza Agosti. Oktoba, kwenye mfululizo wa mechi za nusu fainali dhidi ya klabu ya Mets, akaleta alama 11 katika mechi sita na kutajwa mchezaji bora wa mfululizo ule. Kwenye mpango huohuo alikuja mrushaji Michael Kopech, na kwa mpango mwingine Jack Flaherty akatoka Detroit. Bila hao watatu sioni Dodgers wakiwashinda Yankees kwa mechi 4–1 katika fainali na kubeba ubingwa. Mnisamehe, ila namhurumia Miguel Vargas, aliyepelekwa White Sox kwenye mabadilishano ya Edman, timu iliyopoteza mechi 121 mwaka huo.

James Outman alipotelea wapi?

Alishushwa timu ya chini, Oklahoma City, mwezi Mei. Mwaka uliotangulia alikuwa wa tatu kwenye kura za mchezaji chipukizi bora wa ligi yake! Kikosi cha kwanza kina nafasi 26 tu, na mchezaji wa miaka ya mwanzo hushushwa bila kuulizwa. Kanuni hiyo naiona kali mno.

Kuna Mwafrika Mashariki yeyote aliyewahi kusajiliwa na Dodgers?

Ndiyo. Mwaka 2022 waliwasaini Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma, waanzie timu za vijana.