Fuga Maji Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Samaki wa Mapambo

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu walioanza kufuga samaki wa mapambo miezi michache tu iliyopita. Karibu zote, hata zile zinazouliza habari za dawa au chakula, zinarudi kwenye maji. Tumejibu tano.

Hakubaki hata mmoja

*Nilinunua tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, nikalijaza maji ya bomba, na siku hiyohiyo nikatia samaki wa dhahabu sita na gapi wanne. Siku ya nne walianza kuhemea juu ya maji. Kufikia siku ya nane wote wamekufa. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Aliyeniuzia anasema ni ugonjwa. Ni kweli?* (Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam)

Pole sana. Kwa dalili ulizoeleza, huo si ugonjwa, ni amonia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na kinyesi na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Haina rangi, ndiyo maana maji yako yalionekana safi. Klorini ya bomba ingewaua mapema zaidi, ndani ya saa chache au siku ya kwanza. Vifo vinavyoanza siku ya tatu au ya nne katika tangi jipya, samaki wakihemea juu, karibu kila mara ni amonia.

Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Bakteria hao hukaa hasa kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye vioo, si ndani ya maji yenyewe. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, na huchukua wiki nne hadi sita kuwapata. Kuna na hili la pwani: amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa juu. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Wenye visima vya maji ya chumvichumvi waangalie sana hapo.

Anza upya hivi. Osha tangi kwa maji matupu, bila sabuni. Ukishaweka changarawe na kuacha nafasi juu, litabeba kama lita 50. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo pana iliyo wazi kwa saa 24 hadi 48 klorini itoke. Ukiwa na haraka, waulize wauzaji wa kemikali za maabara fuwele za sodiamu thayosulfeti: yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha tia vijiko viwili vya chai vya mchanganyiko huo (mililita 10) kwa kila ndoo ya lita 10. Washa filta ya sponji mchana na usiku. Kila siku tia chembe za chakula kwa kiasi ambacho gapi watano wangekula, ingawa hakuna samaki. Chakula kitaoza, amonia itapanda, na bakteria watapata cha kula.

Nunua vipimo vya amonia na nitriti. Kwa anayeanza vina faida kuliko taa za rangi na mapambo ya plastiki. Amonia itapanda kwanza, kisha nitriti, halafu vyote viwili vitashuka hadi sifuri. Vikibaki sifuri wiki nzima huku unaendelea kutia chakula, tangi liko tayari. Ukimfahamu mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake ndani ya tangi lako. Huenda ukamaliza kazi ndani ya wiki mbili.

Kisha tia gapi wanne tu, na wengine baada ya wiki mbili. Samaki wa dhahabu waache. Hukua hadi sentimita 15 au 20 na huchafua maji mno. Lita 50 haziwatoshi hata wawili wakishakua. Kila wiki toa lita 12 na urudishe maji mapya yaliyotolewa klorini. Sponji ikamue kila baada ya wiki tatu au nne katika maji uliyoyatoa humohumo tangini. Ukiisuuza bombani unaua bakteria uliowangoja mwezi mzima, na vifo vinaanza upya.

Umeme ukikatika

*Shikamooni. Umeme ukikatika usiku, asubuhi nakuta maji sakafuni na samaki wanahema kwa shida. Tangi halivuji. Nifanyeje?* (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba. Pampu yako ya hewa umeiweka chini ya usawa wa maji. Ikizimika, maji huingia kwenye mpira wa hewa, yakashuka hadi kwenye pampu na kumwagika sakafuni. Umeme ukirudi pampu ina maji ndani, na hapo ni hatari. Ipandishe juu ya rafu, iwe juu kuliko usawa wa maji. Usipoweza, kata mpira na uunge vali ya njia moja karibu na tangi. Kabla ya kuifunga ipulize kwa mdomo: upande wa pampu hewa ipite, upande wa tangi izuie.

Kuhusu kuhema: maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na usiku mimea nayo huitumia. Umeme usipokuwepo usilishe kabisa. Samaki mzima hapati dhara kwa kukosa chakula siku mbili. Chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kama sentimita 30, dakika tano kila saa. Pampu ndogo ya betri itakupunguzia kukesha. Wakizidiwa kila umeme unapokatika, jua wamejazana.

Wenye filta ya kopo lililofungwa wasiiwashe hivihivi baada ya saa nyingi za giza. Bakteria waliokosa oksijeni humo hufa na kuoza, na ukiiwasha uoza wote unarudi kwa samaki. Ifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Gapi wanazaa, watoto hawaonekani

*Mwanangu ana gapi madume watano na majike watatu. Tumeshaona majike wakishusha matumbo mara mbili, lakini vifaranga hatuwaoni. Tulinunua kijisanduku cha kuzalia, jike akafa humo.* (Mama wa msomaji, Arusha)

Mama, vifaranga wanaliwa, na anayewala ni pamoja na mama yao. Jike huzaa takriban kila baada ya wiki nne, mara nyingi vifaranga 20 hadi 50, wakiwa hai, si mayai, wala hawalei. Kijisanduku kinamtia kiwewe, hasa akiingizwa siku ya mwisho: maji hayapiti vizuri, naye hana pa kugeukia.

Kwanza rekebisha hesabu. Madume watano kwa majike watatu ni mateso kwa majike, maana wanafukuzwa kutwa. Iwe dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Pili, jaza mimea. Mmea wa *Ceratophyllum*, wenye majani membamba kama mkia wa paka aliyekasirika, huelea bila mizizi na humea katika maziwa yetu. Ukiutoa ziwani uweke kwenye ndoo peke yake wiki mbili hivi na uukague kila siku, maana hubeba konokono na funza wa kereng'ende wanaokula vifaranga. Ukiukosa, chukua uzi wa kufumia wa akriliki, uchemshe mpaka usitoe rangi, kata vipande vya sentimita 25, funga fundo moja na ulining'inize kwenye kizibo kinachoelea. Kifaranga akishazaliwa huogelea juu na kujificha katikati ya nyuzi. Tangi likiwa na kichaka cha namna hiyo, na wazazi wakiwa wameshiba, wengi hupona bila kumhamisha mtu.

Wanaopona wanahitaji chakula kidogo chenye uhai. Kinachowakuza kuliko vyote ni artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, waliototolewa papo hapo. Kata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, isimamishe mdomo chini ukiwa umezibwa sawasawa. Tia lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi na nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia. Puliza hewa kwa nguvu kutoka chini, acha taa ikimulika, joto liwe nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa kwa dakika kumi: maganda huelea, artemia wa rangi ya chungwa hukusanyika chini. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa safi, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, lisha mara moja. Ukichelewa nusu siku wanakuwa wameshatumia kiini chao na lishe imepungua. Wasipopatikana, twanga chakula kikavu hadi kiwe vumbi, uchekeche, na ulishe mara tatu au nne kwa siku kwa kiasi cha ncha ya kisu. Kiini cha yai la kuku hatukipendekezi ingawa wengi hukishauri. Tone likizidi kidogo, maji yanaoza kabla ya jioni.

Mkitaka kuchagua rangi, tenganisheni majike na madume wakiwa na wiki tatu hadi nne. Dume hutambulika kwa pezi la chini nyuma ya tumbo: huanza kuchongoka kama sindano, wakati la jike hubaki mfano wa kipepeo cha mkono. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo mliyemnunua dukani atazaa watoto wa dume msiyemjua hata akikaa peke yake. Arusha usiku wa Juni na Julai ni baridi. Wekeni hita ya wati 50 kwa lita 50, na kipimajoto kisome 24 hadi 26. Watakaozidi gaweni au uzeni. Tafadhali wasimwagwe mtoni wala bwawani. Gapi huzaana haraka mno, na wakishaenea hawatoki.

Samaki wa ziwani, waanze wepi?

*Nipo karibu na Ziwa Tanganyika. Nataka kuanza na Tropheus kwa sababu ya rangi zao.* (Msomaji, Kigoma)

Tropheus waache kwanza. Hukwangua mwani, na chakula chenye nyama nyingi huwavimbisha matumbo wakafa. Hupigana hadi kuuana wakiwa wachache, hivyo hutakiwa kumi na wawili au zaidi katika tangi lenye urefu wa sentimita 120 au zaidi.

Anza na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono: *Lamprologus ocellatus* au *Neolamprologus brevis*. Tangi la lita 50 latosha dume mmoja na majike wawili wa ocellatus. Weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5 na makombe matatu kwa kila samaki. Utamwona anachimba chini ya kombe, analigeuza kwa mdomo, anatema mchanga juu yake mpaka libaki tundu tu usawa wa mchanga. Brevis dume na jike huweza kuingia kombe moja. Jike akikaa mlangoni siku nyingi bila kwenda mbali, ngoja. Vijichwa vitaanza kuchungulia, nao ni wa kulishwa artemia.

Maji ya ziwa hilo ni magumu, pH kati ya 8.5 na 9, joto 24 hadi 27. Walio mbali watie changarawe ya matumbawe kwenye filta. Badilisha asilimia 10 hadi 15 tu kwa mara moja, maana hawapendi mabadiliko ya ghafla. Usitie wavu mwenyewe: uvuvi wa samaki wa mapambo unahitaji leseni, na samaki aliyevutwa ghafla kutoka kina kirefu hupasuka kibofu cha hewa. Nunua kwa mwenye leseni, ukianza na ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Samaki wa madimbwi ya mvua

*Assalamu alaikum. Mvua za masika zikijaza madimbwi huku kwetu, tunaona visamaki vya mkia mwekundu. Dimbwi likikauka vinapotea, mwaka unaofuata vipo tena. Vinafugika?* (Msomaji, Unguja)

Wa alaikum salaam. Kwa maelezo yako huyo ni *Nothobranchius guentheri*, samaki wa Unguja hasa, anayefugwa na wapenzi wa samaki Ulaya na Marekani huku wengi nyumbani kwake hawamjui. Haji na mvua kutoka mbinguni. Wazazi hutaga kwenye tope, dimbwi likikauka hufa, na mayai hulala ardhini hadi mvua nyingine. Chukua wachache tu, dume mmoja na majike wawili au watatu wa kijivu, na madimbwi mengine uyaache yalivyo.

Lita 20 zinawatosha, na chumvi gramu 5 kwa kila lita 10 huwakinga na ugonjwa wa vumbi la dhahabu unaowapata sana. Walishe viluwiluwi wa mbu. Chukua vumbi la makumbi ya nazi, lichemshe na kulisuuza mpaka maji yasiwe na rangi ya chai, jaza bakuli kina cha sentimita 3, litumbukize tangini. Wazazi watapiga mbizi humo kutaga. Kila baada ya wiki moja au mbili toa vumbi, likamue kwa kiganja hadi lisidondoshe tone lakini libaki na unyevu, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe. Litunze kabatini penye nyuzi 24 au 25 kwa miezi mitatu.

Kisha chambua mayai machache. Ukiona macho mawili meusi ndani ya yai, yako tayari. Ukiona yai angavu lisilo na macho, funga tena na ungoje mwezi. Mwaga vumbi kwenye beseni, tia maji ya nyuzi 18 hadi 20, kina cha sentimita 3 tu. Vifaranga huanza kuogelea ndani ya saa chache, na wanataka artemia siku hiyohiyo, kwa hiyo anza kutotoa artemia siku moja kabla ya kumwagia maji. Ukishawakusanya, usilitupe vumbi. Likamue, lifunge, ulimwagie tena baada ya wiki nne. Yapo mayai yanayokataa mvua ya kwanza yakangoja ya pili.