Maswali yenu: sindano, kidonge na kikombe

*Mama akiumwa malaria anataka sindano tu, vidonge eti havimgusi. Ana hoja? (Igoma)*

Anayo nusu, na hiyo nusu ndiyo inayotuponza. Kwa maumivu, sindano ya maji ya chumvi huweza kumpa mtu nafuu kuliko kidonge kitupu: kuna nesi, kuna pamba, kuna kuchomwa. Wala si kujidanganya. Mwaka 1978 huko Marekani, watu waliong'olewa meno walipata nafuu kwa plasibo, yaani tiba tupu isiyo na dawa ndani. Walipopewa naloksoni, inayozuia dawa za jamii ya mofini, maumivu yakapanda. Kumbe ubongo ulikuwa umejitengenezea kituliza maumivu. Lakini vimelea vya malaria havitishwi na sindano. Malaria isiyo kali tiba yake ni dawa mseto ya kumeza, siku 3, na mama amalize dozi hata akiamka mzima siku ya pili. Mwenye malaria kali akishachomwa naye humalizia na mseto. Huyo wa duka la dawa anayemchoma uchochoroni, mkimbieni.

*Vidonge vyekundu vina nguvu kuliko vyeupe? (Nansio)*

Hapana. Soma jina la dawa, acha rangi.

*Ya bei ghali inanituliza kichwa haraka, ya bei rahisi hapana. (Kirumba)*

Swali hili naliona kila mwezi! Mwaka 2008 watu 82 walipewa kidonge kitupu. Walioambiwa bei ni dola 2.50, asilimia 85 walisema maumivu yamepungua. Walioambiwa senti 10, asilimia 61. Kidonge kilekile. Fedha yako nunulia sangara.

*Basi kikombe cha Babu wa Loliondo kilikuwa plasibo? (Sengerema)*

Mwaka 2011 maelfu walimfuata mchungaji huyo mstaafu kunywa dawa yake ya mitishamba. Safari ya siku kadhaa, foleni, maombi, kikombe cha shilingi 500: ningeshangaa kama mtu asingejisikia vizuri. Kujisikia, nasema. Mwaka huohuo wa 2011 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa pumu. Waliovuta plasibo walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliovuta dawa, lakini mapafu yalipopimwa, ya wenye dawa yalifunguka kwa asilimia 20, ya wenzao 7 hivi. Sasa mfikirie aliyerudi na kikombe tumboni akaacha ARV, dawa zake za kufubaza virusi vya UKIMWI.

*Nikijua kidonge ni kitupu, kitanisaidia? (Buhongwa)*

Kwa tumbo la kuvurugika, mwaka 2010 kiliwasaidia baadhi ya watu 80 waliofanyiwa utafiti, nao waliambiwa wazi. Ila walikaa na daktari aliyewaeleza na kuwasikiliza. Usiniandikie tena kuuliza kama unga wa sembe unafaa.