Jibu: Mama kawekewa vyuma vya nyonga, jirani anasema alale wiki sita

Usimlaze! Hiyo "mobilaizesheni" uliyoikuta kwenye karatasi ya kuruhusiwa si ile ya kuhamasisha watu kwenye kampeni, wala si kukandwa. Ni mama ainuliwe, akae, asimame, atembee. Tena mapema: mwongozo wa Uingereza kwa waliovunjika nyonga unataka mgonjwa aanze siku inayofuata baada ya upasuaji, isipokuwa iwepo sababu ya kitabibu ya kumzuia.

Sisi baba yetu, naye wa vyuma vya nyonga, tulimlaza. Mzee mmoja wa mtaani, anajiita fundi wa mifupa, alituapia kwamba mfupa ukitikiswa hauungi, tukamsikiliza yeye tukamwacha daktari. Kumbe mfupa ulishashikwa na vyuma, na vinawekwa ili mtu ainuke! Siku tunamgeuza tumuogeshe, tukakuta ngozi juu ya makalio imebanduka, na kisigino kimekuwa cheusi kama kilichounguzwa. Mapaja yamesinyaa. Kikohozi nacho kikaingia, maana anayelala chali muda wote hapumui hadi chini ya mapafu. Makohozi yanatuama, nimonia inapata mlango. Na damu isiyosukumwa na misuli ya miguu huweza kuganda, kipande kikipanda mapafuni kinaweza kuua. Nyonga yenyewe ilipona vizuri. Kilichomtesa baba na kumaliza akiba yetu ni kile kidonda. Yule mzee hakuja hata kutoa pole, na mpaka leo anazunguka kwenye nyumba za wagonjwa akitoa maagizo. Inaniuma sana.

Leo hii mpigie daktari aliyempasua au mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), umuulize: mama anaruhusiwa kuukanyagia mguu kwa uzito kiasi gani? Wapo wanaoruhusiwa uzito wote, wapo wa kugusisha tu mguu chini. Hata akikatazwa kukanyaga, uliza habari ya kukaa kwenye kiti.

Kabla ya kumwinua, apate dawa yake ya maumivu. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, kizunguzungu kikipita ndipo ashike woka (fremu ya kutembelea) asimame, wewe ukiwa upande wa mguu mgonjwa. Mguu ukivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikimbana, asiguswe na mkandaji yeyote, mkimbize hospitali.

Hayo mengine uliyouliza, supu ya kongoro na bei ya magongo, watakujibu wengine. Nijibu hili tu: mama ameshakaa kwenye kiti leo?