Gari la Dizeli Likizeeka: Namna ya Kulitunza Liendelee Kutembea

Mtu akisikia gari limevuka kilomita 500,000, swali lake la kwanza ni lini utalibadilisha. Langu ni la dizeli, limezivuka, na bado ndilo ninalolitegemea kila siku. Kwa miaka niliyokaa nalo nimejiridhisha kwamba kilomita peke yake haziui injini ya dizeli. Kinachoiua ni maji, joto na uchafu, na vyote vitatu hutoa dalili mapema kwa mwenye mazoea ya kuangalia.

Yuko dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliyeendesha Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1976 hadi ikafikisha kilomita milioni 4.6. Mwaka 2004 gari hilo likaingia kwenye makumbusho ya kampuni iliyolitengeneza. Wengi husimulia habari hiyo kama kwamba injini moja ilifanya kazi yote. Sivyo. Alikuwa na injini za akiba, moja ikiwa garini na nyingine ikifanyiwa matengenezo. Hilo ndilo funzo ninalolichukua kwake: gari lilidumu kwa sababu mwenyewe alikuwa mbele ya ubovu.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Katika magari mengi madogo ya dizeli, pampu ya mafuta na nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta kwenye silinda, hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ina ute wa mafuta, maji hayana. Tone la maji likiingia kwenye pampu, vyuma vilivyosagwa kwa ufinyu wa ajabu vinasuguana vikavu, na kutu inamalizia kazi. Maji hayo hutoka kwenye matenki ya vituo vya mafuta, na mengine hutokana na unyevu unaoganda ndani ya tenki lako likikaa nusu tupu. Ndiyo maana sipendi kulaza gari likiwa na mafuta ya chini.

Chini ya filta ya dizeli, kwenye magari mengi, kuna skrubu ndogo ya kutolea maji. Zima injini, weka chupa safi inayoonyesha ndani, legeza skrubu uache mafuta yatoke kiasi, kisha ukae kidogo chupa itulie. Maji yatazama chini, dizeli itabaki juu, na mpaka kati yake utauona waziwazi. Ukikuta dizeli tupu, kaza skrubu na uendelee na shughuli zako. Ukikuta utando mweusi unaoteleza kwenye ule mpaka, hivyo ni vijidudu vinavyoishi mahali maji na dizeli vinapokutana. Hapo kubadilisha filta hakutoshi. Tenki lishushwe lioshwe. Kazi hii ni ya dakika chache, na imeokoa pampu nyingi kuliko dawa yoyote ya kumimina kwenye tenki.

Gari likisumbua kuwaka asubuhi, fundi mwenye haraka atakwambia nozeli zimekufa. Usikubali kabla hujaanza na vya bei nafuu. Kwanza betri, kwa sababu dizeli huwaka kwa kubana hewa mpaka ipate moto wa kuunguza mafuta, na stata ikizunguka kivivu joto hilo halipatikani. Pili hita plagi, yaani vipasha joto vya silinda wakati wa kuwasha, zipimwe moja moja. Tatu hewa kwenye njia ya mafuta: vimipira vya dizeli vikizeeka hupasuka nyufa ndogo ambazo hazivujishi tone hata moja lakini zinavuta hewa gari likiwa limelala. Ukifunga kipande cha paipu inayoonyesha ndani kabla ya pampu, utaviona viputo vikipita. Nimeona watu wakifungua pampu nzima kwa ajili ya kimpira cha urefu wa kidole.

Joto nalo halisamehi. Hedi nyingi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni za alumini na bloku, mwili wenye silinda, ni ya chuma, na vitu hivi viwili havitanuki sawa. Gari likichemsha mara moja tu vizuri, hedi inapinda na gasketi, kizibo kilicho kati yake na bloku, inaachia. Wala usiitegemee geji ya dashibodi peke yake, kwa sababu maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Angalia kopo la maji ya kupozea injini asubuhi, injini ikiwa baridi. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea, inayotakiwa; maji ya bomba matupu yanaleta kutu na magamba ndani ya rejeta. Mfuniko wa rejeta ukiwa umelegea ubadilishe, kwa kuwa presha unayoishikilia ndiyo inayofanya maji yachelewe kuchemka. Mipira ya rejeta na themostati mimi huvibadilisha kwa umri, sisubiri vipasuke. Pampu ya maji, kama inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, ibadilishwe pamoja na mkanda huo, maana kazi ya kufungua ni ileile. Na mkanda wenyewe usiucheleweshe hata kidogo: ukikatika, kwenye injini nyingi za dizeli pistoni zinagonga valvu, na hapo mjadala wa kutengeneza au kutotengeneza umeshaamuliwa bila wewe.

Dalili ya gasketi inayoanza kuachia ni mipira ya rejeta kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, au viputo visivyokwisha kwenye kopo la maji. Ukiziona, usisafiri.

Kuhusu oili, kuwa nyeusi siku chache baada ya kuibadilisha si ubovu. Ni masizi, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Kwa injini iliyochoka mimi hufupisha muda wa kubadilisha kuliko ule wa kwenye kitabu cha gari, na filta hubadilishwa nayo kila mara. Kubwa zaidi ni kuandika kiasi ninachoongeza kati ya mabadiliko mawili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu linaniambia kama injini imeanza kunywa oili zaidi ya mwaka jana, jambo ambalo kumbukumbu ya kichwani haiwezi kulishika.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo. Injini ikiwa imepata moto na inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza kifuniko cha oili ukiache juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, kawaida. Kikirukaruka na moshi ukitoka kwa mapigo, gesi zinapenya kwenye ringi za pistoni. Baadhi ya injini hurusha oili zikifunguliwa, kwa hiyo simama pembeni. Baada ya hapo dai kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, cha kila silinda kabla ya kukubali oveholi, yaani kufunguliwa na kufanyiwa upya injini nzima, na tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa, mpira wa turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini, uliopasuka, au nozeli. Wa bluu ni oili. Mweupe usiokwisha ni mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Nisieleweke vibaya hapa. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwenye gari kuukuu linalofuka moshi anawadhuru watu walio nyuma yake, na hoja ya kuokoa pesa haitoshi kumtetea. Kama huwezi kulifanya liungue vizuri, liache.

Yote haya ni rahisi zaidi kwenye dizeli za zamani za pampu ya mitambo. Za sasa zenye reli moja ya presha, yaani bomba moja linalolisha nozeli zote, zinavuka bari 1,600 za presha ya mafuta, na uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuharibu nozeli. Asikudanganye mtu ukalegeza paipu za mafuta injini ikiwa inafanya kazi. Mchirizi wa dizeli unapenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa kwenye upasuaji. Kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, safari fupifupi za mjini zitaliziba, kwa sababu halipati joto la kujisafisha. Lipe safari ndefu ya mwendo thabiti mara kwa mara.

Kwenye pesa, watu hulinganisha gharama ya matengenezo na bei ambayo gari lingeuzwa, halafu wanasema halilipi. Ulinganisho huo si sahihi. Linganisha na gharama ya kupata gari jingine ambalo unajua historia yake kama unavyoijua ya hili. Gari jingine lililotumika linakuja na siri za mwenyewe wa zamani, na utaanza kuzilipia moja baada ya nyingine.

Kitakachoniachanisha na hili ni chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari. Kila linaponyanyuliwa kwa kazi nyingine nachukua bisibisi na kudungadunga pale springi zinapofungwa, chini ya mazulia, na mahali boksi la usukani linaposhikilia. Bisibisi ikizama mahali pamoja, sehemu hiyo inakatwa na kuchomelewa chuma kipya. Ikizama kila mahali, hakuna viraka vitakavyolifanya gari kuwa salama kwenye ajali. Lisimamishe, toa injini kama bado ni nzima, pamoja na pampu, nozeli na stata, uviuze. Kuna mwenye gari kama lako anayevitafuta.