Kabla ya Selform, mpe kijana makopo 20 ya maharage

Wanafunzi wengi wa kidato cha nne hapa Mbeya hujaza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwenye Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, kwa sababu daktari ndiye mwanasayansi pekee waliyewahi kukutana naye. Utafiti mdogo wenye mlezi, ukifanyika kidato cha tatu, huwaonjesha kazi yenyewe mapema.

Swali liwe moja: je, mbolea ya urea hupunguza vinundu, yaani vivimbe vidogo vyenye bakteria wanaoupa mmea nitrojeni, kwenye mizizi ya maharage? Chukua makopo 20 ya lita 4 yaliyotobolewa chini, yajazwe udongo wa shamba lililolimwa maharage msimu uliopita, maana ndimo bakteria wa vinundu walimo. Panda Februari, baridi ya Juni isiwakute. Siku ya 10, yeyusha gramu 5 za urea katika lita 1 ya maji, kisha mwagia makopo 10, mililita 100 kila moja. Mengine 10 yapate maji matupu, kiasi kilekile. Maua yakitoka, ng'oa taratibu, osha mizizi ndani ya ndoo, hesabu vinundu na upasue vichache: chenye wekundu ndani kinafanya kazi.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye mpangilio. Makopo ya urea yakikaa yote upande wa ukuta, kivuli nacho kinaingia kwenye majibu. Chagueni kwa bahati nasibu kila kopo likae wapi.

Mlezi anaweza kuwa mwalimu wa baiolojia, mwanachuo wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), au mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole akiombwa kwa barua ya mkuu wa shule. Iringa kuna chuo cha Mkwawa. Saa moja kwa wiki inatosha. Kazi yake ni kuuliza "umejuaje?" na kusubiri jibu. Akiandika ripoti yeye, au akifuta kopo lenye vinundu 3 wakati mengine yana 40, amemnyima kijana sehemu yenye utamu kuliko zote: kugundua kwamba tundu la kopo lile liliziba na maji yakatuama.

Mtazameni anavutwa na nini. Anayebishania wastani na grafu afikirie PCM (fizikia, kemia, hisabati) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati). Anayewaza shamba la mama yake, CBG (kemia, baiolojia, jiografia), na baadaye SUA, chuo kikuu cha kilimo. Anayesema hataki tena kuhesabu mizizi naye amepata jibu, tena kabla ya kupoteza miaka miwili ya kidato cha tano na sita.

Siku ya kujaza Selform daftari la utafiti huo liwe mezani, na mzazi alisome kabla ya kutaja udaktari.