Tumbo Baada ya Pilau la Shughuli

Mgeni akianza kutapika harusini, wa kwanza kulaumiwa ni mafuta, wa pili ni jicho la mtu. Mara nyingi kosa lilitokea usiku uliotangulia: nyama ilichemshwa saa 3 usiku, sufuria ikafunikwa, ikaachwa na supu yake mpaka alfajiri.

Ndani ya nyama na mchele mna vijidudu vyenye mbegu ngumu ambazo hazifi kwa kuchemka. Moto ukiwa mkali zimelala. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 zinaamka na kuzaana upesi. Sufuria ya kilo 30 za nyama haipoi kama ya nyumbani. Asubuhi ukigusa ubavu wake ni baridi, lakini zamisha mwiko mpaka katikati, supu inayotoka ni ya vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Hapo ndipo vijidudu vimekesha.

Kuipasha tena kunasaidia nusu tu. Vijidudu vya nyama vitakufa iwapo supu itachemka mpaka katikati huku unakoroga, maana ya pembeni huchemka mapema na kukudanganya. Lakini sumu inayotapisha, ile ya wali uliolala, haiondoki hata uuchemshe mara tatu.

Kwa hiyo, ukiweza, chemsha nyama alfajiri na uipikie pilau papo hapo. Ukilazimika kuichemsha usiku, itoe kwenye supu, itandaze kwenye masinia, kina kisizidi vidole vitatu. Supu igawe kwenye sufuria ndogo, uzitie ndani ya deli lenye maji na barafu, ukoroge, ubadilishe maji yakipata joto. Ikishapoa, iende kwenye friji au kwenye barafu. Pilau likiiva, libaki limepaliwa makaa hadi wakati wa kupakua. Kulijaza mapema kwenye ndoo za plastiki ni kosa tunalolichukia kuliko yote: linapoa polepole mle ndani huku wageni wanasubiri bibi harusi. Kachumbari ikatwe mwishoni, na mwenye kidonda mkononi asiikate.

Sasa, mtu ameshaugua. Muulize alikula saa ngapi. Kutapika kukianza ndani ya saa 6, shuku sumu ya wali au chakula kilichoshikwashikwa. Tumbo kukata na kuharisha usiku wake au kesho yake asubuhi, pasipo homa, huelekea kwenye nyama na supu. Homa ikiwepo, pengine ni kuku au mayai ambayo hayakuiva.

Aliyelegea mlaze ubavu, asipaliwe na matapishi. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, kwa mtoto kijiko kimoja kimoja. Soma pakiti kwanza, kwani nyingine ni za lita 1 na nyingine za nusu lita. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, basi usikadirie kwa macho. Vidonge vya kufunga tumbo mtoto asipewe kabisa.

Asiyeweza kunywa, anayeharisha damu, aliyekauka mkojo, aliyezama macho au anayeongea ovyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo anayeharisha mfululizo maji meupe kama ya kuoshea mchele: hicho huenda kikawa kipindupindu. Mjamzito, mzee na mtoto mchanga wasingojewe kufika huko.

Wakiugua watu wawili au zaidi, mwenye shughuli asifiche kwa kuogopa aibu. Atenge kikombe kimoja cha kila chakula kwenye mfuko safi, akiweke kwenye friji, aandike nani alikula nini na aliugua saa ngapi, kisha ampigie afisa afya wa kata kabla masufuria hayajaoshwa.