Programu ya mkopo na profaili ya pili

Dada yangu wa Shela, umeuliza iwapo kuiweka programu ya mkopo kwenye profaili ya pili (kama mtumiaji mwingine ndani ya simu ile ile) ya Pixel yako yenye GrapheneOS, mfumo wa Android unaotilia mkazo faragha, kutaizuia isiyaone majina ya jamaa na wageni wako. Naam, kutaizuia. Profaili hiyo ina faili zake, majina yake na ufunguo wake wa usimbaji, yaani wa kuyafunga yaliyomo yasisomeke. Programu iliyo humo haijui hata una programu gani upande wa pili.

Lakini laini ni ile ile, na hapo ndipo pa kuangalia sana. Kwenye mipangilio ya watumiaji kuna kitufe cha kuiruhusu profaili simu na SMS. Usikiguse, kwani ukikiwasha, historia ya simu na jumbe zako zote, za M-Pesa zikiwemo, zinaonekana huko pia. Programu iking'ang'ania majina, ipe orodha tupu. GrapheneOS inaruhusu hilo, na programu itaona imekubaliwa.

Mimi yalinifika. Nilichelewa kulipa siku tatu tu, ami yangu akapigiwa simu yuko gatini anapakua mizigo, akatajiwa deni langu mbele ya mahamali. Sikuwa nimempa mtu yeyote nambari yake, ilichotwa simuni mwangu.

Jambo jingine: ukimaliza, usirudi tu kwenye profaili kuu. Maliza kikao chenyewe. Hapo ufunguo unaondolewa kwenye kumbukumbu na programu haifanyi kazi kichinichini mpaka uingize nywila tena.